Ngazi ya Waajemi ya Xiaobei

Nyinyi mnaoanza sasa biashara ya picha, naomba mnisikilize kwa jambo moja kwanza. Picha ikiletwa mbele yenu, igeuzeni. Tazameni mgongo kabla ya uso. Uso umetengenezwa ili ukupendeze, mgongo hakuna aliyeushughulikia. Ukiona turubai limelegea, misumari imepigwa ovyo, au rangi imevuja hadi nyuma, mrudishie laoban, bosi wa duka, mzigo wake, tabasamu, na uende zako. Atakufuata akikuita pengyou, rafiki, na bei itaanza kushuka yenyewe. Wewe endelea kutembea.

Mimi ni Saida, mzaliwa wa Unguja, na hapa Guangzhou wengi wananijua kwa jina la Mama Picha. Wenzangu walikuja kununua nguo, simu, vipuri na midoli ya mtaa wa Yide Lu. Mie nikaangukia picha za kuchorwa kwa mkono: za hoteli, za sebule, za kumbi za harusi. Ofisi yangu pale kwenye jengo la Tianxiu nimeshamkabidhi mpwa wangu, kwa sababu magoti yamegoma na macho yanaanza kunidanganya rangi. Kwa hiyo leo nina nafasi ya kukaa na kuwapigieni soga, na nyinyi mkiondoka nitaona.

Msidhani nilianza nikiwa najua. Oda yangu ya kwanza ya maana ilitoka kwa mwenye hoteli mmoja wa Arusha, aliyetaka Wamasai na mifugo yao katika kila chumba. Nikaenda kwenye karakana moja nje kidogo ya mji. Huko kazi hugawanywa: huyu anachora mbingu tu, anapita turubai baada ya turubai na brashi yake ya samawati, mwenzake anamfuata na nyasi, mwingine nguo, na fundi mkuu anamalizia nyuso. Picha zikatoka safi, nikazipakia, kontena likaondoka bandari ya Nansha mimi nikijipongeza. Zilipofika, mwenye hoteli alinipigia simu akicheka mpaka akakohoa.

"Mama, hawa ng'ombe nundu zao mmeziuza wapi?"

Mchoraji wa mifugo hakuwa na mfano, basi akawatoa ng'ombe kwenye boksi la maziwa. Wanene, madoa meusi na meupe, mgongo bapa kama meza. Wamasai wangu walikuwa wazuri sana, wamesimama wima na mikuki yao, wanachunga ng'ombe wa boksi la maziwa. Wageni wa Ulaya hawakugundua chochote, lakini wafanyakazi wa hoteli walikuwa wanawaleta ndugu zao kuja kuzitazama. Tangu siku hiyo nikawa natuma picha za mfano za kila kitu, hata cha kipuuzi. Usimwambie fundi "ng'ombe" ukadhani mnamwona ng'ombe mmoja.

Na mkikunja turubai, uso uwe nje. Kila mgeni anakunja uso ndani akidhani anaulinda, kumbe anaubana, na siku ya kulikunjua rangi inapasuka. Hili nililifundishwa na Shifu Liang, baada ya kuniona nikikunja picha yake kama mkeka. Shifu ni fundi aliyebobea, ndivyo wanavyowaita huku. Alinipokonya picha ile mikononi, akaikunja upya polepole mbele yangu, na hakunisemesha mpaka chai ilipoiva.

Shifu Liang ndiye aliyenifundisha kutazama. Ujanani alikuwa akichora kuta za mahekalu huko kwao, baadaye kazi hiyo ikapungua, akaingia kwenye picha za kuuza. Nyumbani kwake alikuwa akichora kwa wino kwenye karatasi, kazi zake mwenyewe. Mara ya kwanza kuziona nikashangaa: mlima kidogo juu, mashua kidogo chini, katikati pote karatasi tupu.

"Shifu, hii bado hujaimaliza," nikamwambia.

"Nimemaliza. Hapo ni ukungu."

"Basi uchore huo ukungu! Mteja wangu wa Unguja atasema amepunjwa."

Alicheka sana. Lakini na mie nilikuwa na yangu. Nimelelewa na bibi ambaye ikifika saa ya swala anageuza picha ya harusi yake mwenyewe itazame ukuta. Kwetu uzuri uliwekwa kwenye milango, kwenye kanga, kwenye hina ya mkononi: maua yamebanana, pasiwe na pengo hata la sindano. Shifu anaacha nafasi, sisi tunaijaza. Tulibishana miaka na miaka juu ya jambo hilo, na sote wawili tulikuwa na furaha.

Sasa niwaeleze habari ya ngazi, maana ndiyo kazi ninayoulizwa zaidi kuliko zote.

Farhad ni mtu wa Shiraz, Irani, nchi ambayo wazee wetu waliiita Uajemi. Alipokuwa kijana alikaa Dar es Salaam akiuza mazulia dukani kwa mjomba wake, ndiyo maana Kiswahili chake ni kizuri, na kwa matusi anatushinda sote. Alikuwa anafungua mgahawa hapa mtaa wa Xiaobei, hatua chache kutoka Tianxiu. Unaingia kwa mlango wa mtaani, unapanda ngazi ndefu, ndipo unafikia meza. Ukuta wa ile ngazi ulikuwa mtupu, na alitaka nimtafutie fundi wa kuuchora. Nikamwambia fundi yupo, tena bora. Unataka nini, maua?

"Nataka ngazi ya Takhte Jamshid," akasema.

Takhte Jamshid ni magofu ya jumba la wafalme wa Uajemi wa kale, watu wa zamani sana, kabla ya Uislamu na kabla ya Ukristo. Ubavuni mwa ngazi za jumba hilo wamechongwa watu wa mataifa yaliyokuwa chini ya mfalme, kila taifa na vazi lake na lilicholeta: hawa ngamia, hawa kondoo, hawa vitambaa, hawa bakuli na bangili. Wamepanga mstari wanakwenda kumwona mfalme. Wapo wanaosema ilikuwa siku ya Nairuzi, mwaka mpya wao, ule ule tunaoukoga sisi kule Makunduchi. Wataalamu wanabishana, na mie siwaingilii.

"Kwa nini hiyo, Farhad? Watu wanakuja kula kebabu."

"Baba yangu anakuja, Bi Saida."

Baba yake, Agha Karim, alikuwa mlinzi wa magofu yale maisha yake yote. Alifagia zile ngazi, akawafukuza watalii waliotaka kuegemea mawe. Alikuwa amestaafu, mkewe amefariki, na anaishi peke yake. Alishaanguka bafuni, jirani ndiye aliyemkuta. Farhad hana ndugu mwingine wa kumwangalia mzee, na alikuwa amembembeleza mwaka mzima ahamie Guangzhou. Mzee akakubali kuja kutembea tu, na tiketi ya kurudia ameishika mkononi.

"Ameniambia mtu hahamii mahali ambapo hakuna analolijua," Farhad akasema. "Nataka akifungua mlango aone analolijua. Asipokaa safari hii, hatakuja tena. Na mimi nitapigiwa simu na jirani."

Hapo nikaacha kutania. Na mimi nilikuwa na mama Unguja, na simu ya jirani niliipokea nikiwa hapa hapa, kwenye lifti ya Tianxiu.

Shifu Liang akaanza kazi. Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa rangi. Farhad alitaka kijivu kitupu, kama mawe yalivyo leo. Shifu akasema kijivu ni rangi ya nyumba ambayo haijaisha kujengwa. Nikadhani Farhad atakasirika, lakini akakuna kichwa akakiri kwamba hata wataalamu wanasema watu wale walikuwa wamepakwa rangi, nyekundu na buluu na kijani, ikaliwa na jua na mvua. Basi wakakubaliana rangi, lakini hafifu, kama kanga iliyofuliwa mara nyingi.

Ili kumsaidia Shifu, Farhad alileta kitabu kikubwa cha picha za kwao, siyo zile za mawe bali za karne za baadaye, zile ndogo za vitabuni zenye bustani na wapanda farasi. Shifu alizifunua kwa ncha za vidole. Akafika kwenye mbingu moja yenye mawingu yaliyojikunja kama mikia, akapiga paja.

"Haya mawingu yetu!" akasema. "Nimeyachora hekaluni mimi. Mmeyachukua lini?"

"Zamani," Farhad akajibu. "Hatukuwarudishia."

Wakacheka, wakaanza kubishana nani alimfundisha nani farasi. Niliwatazama nikajisikia vizuri sana. Mnajua, watu huja mji huu wakidhani wanakuja kununua tu.

Sasa, kwenye mstari ule wa mataifa, walio mwisho kabisa ni watu weusi. Watu wa Kushi, kusini mwa Misri. Wapo wachache: wa mbele mikono mitupu, mwingine amebeba chombo chenye kifuniko, na wa nyuma ana pembe ya ndovu begani na anamvuta mnyama ambaye wengine wanasema ni twiga mchanga. Kwa kuwa mstari unapanda, wa mwisho wanakaa chini kabisa. Maana yake, ukifungua tu mlango wa mtaani, wao ndio unaowaona kwanza. Na huyo wa mbele yao ameshikwa mkono na mtu wa mfalme, mwenye fimbo ndefu.

Shifu alikuwa ameshawachora. Nikawa nimesimama pale nikitazama, akaingia kijana mmoja wa Kariakoo, mfanyabiashara wa simu, kutafuta choo. Akasimama.

"Mama Picha," akasema, "hawa ndugu zetu wanapelekwa wapi?"

"Kwa mfalme."

"Na pembe za ndovu begani? Na huyo wa fimbo kamkamata? Mama, wewe mtu wa Unguja unaweka hii mlangoni? Haya bwana." Akaondoka hata choo hakukitafuta tena.

Nimekulia mtaa ambao watalii huletwa kuoneshwa mahali ambapo watu waliuzwa. Tangu utotoni najua picha ya mtu mweusi aliyebeba pembe, mbele yake mtu mwenye fimbo. Sikuhitaji kuelezwa na kitabu. Nikamwambia Shifu auondoe ule mkono. Awatenganishe, mweusi aende kwa miguu yake mwenyewe. Shifu alinitazama, akataka kusema kitu, akaona uso wangu, akachukua rangi ya ukuta akafunika.

Farhad alikuja baada ya chakula cha mchana. Akatazama. Akakaa kwenye ngazi.

"Mikono iko wapi?"

"Nimeitoa."

"Bi Saida, umetoa mikono? Baba kafagia chini ya mikono ile maisha yake yote! Atafungua mlango, kitu cha kwanza atakachoona ni kwamba imeachana. Atasema hii ni nyumba ya mtu asiyejua kwao."

"Na wateja wako wa Xiaobei wakifungua mlango watasema hii ni nyumba ya mtu anayewauza."

"Si mateka hao! Huyo mwenye fimbo ni mkaribishaji. Kila taifa lina wake, kila mmoja kamshika mkono kiongozi wao. Tazama hawa wenye kofia zilizochongoka, wameingia na majambia viunoni. Mateka gani anaachiwa jambia?"

"Hao wana majambia," nikasema. "Wangu hawana."

Tukabaki hivyo, yeye kakaa, mie nimesimama, na rangi ya ukuta bado mbichi kati yetu. Ndipo Shifu Liang akateremka kutoka kwenye jukwaa lake. Kichina changu ni cha sokoni, lakini safari hii hakutumia maneno mengi. Alimshika Farhad kifundo cha mkono akamvuta, Farhad akaruka kipandio kizima akiwa karibu kuanguka.

"Mtu ukimkamata, unamkamata hapa," akasema. Kisha akaachia, akaweka kiganja chake ndani ya kiganja cha Farhad, vidole vimelala. "Hivi huwezi kumvuta. Akitaka kutoka, anatoka." Akachukua picha ya jiwe tuliyokuwa tunanakili, akanionesha. "Aliyechonga amechonga hivi. Angetaka mateka, angechonga kifundo."

"Na mateka wapo," Farhad akasema taratibu. "Siyo hapa, kwingine, kwenye jabali. Wamefungwa kamba shingoni, mikono nyuma. Wafalme wetu hawakuwa malaika, Bi Saida. Wakitaka mateka walijua kumchonga."

Nilitazama vile vidole kwa muda mrefu. Ni kweli, vilikuwa vimelala. Ndivyo bibi yangu alivyokuwa akimshika mgeni mlangoni, kumwingiza ndani ili asione haya.

"Na ile pembe?" nikauliza. "Ililetwa kwa mapenzi?"

"Ilikuwa kodi," Farhad akasema. "Zawadi ambayo huwezi kukosa kuileta. Hilo sikukatalii."

Sikulitarajia jibu hilo, na kwa kuwa hakunidanganya kwenye hilo nikamwamini kwenye mengine. Nikamwambia Shifu mkono urudi. Ila nikataka wa kwangu awe ameinua kichwa. Shifu akasema yeye hajawahi kumwinamisha, ni mimi niliyemwona ameinama.

Farhad akaanza kunichokoza pale pale, kama kawaida yake. "Halafu wewe si kila siku unatuambia kwenu ni Washirazi? Basi aliyeshika na aliyeshikwa, wote babu zako. Umewagombanisha bure." Nikamwambia alipe chai.

Nyinyi vijana mtaambiwa kazi yetu ni kuleta anachotaka mteja. Ni kweli, lakini kabla hujakubali na kabla hujakataa, muulize fundi ameona nini. Fundi ameitazama ile picha kwa mkono wake siku nzima, wewe umeitazama kwa hofu zako. Hofu zangu zilikuwa na haki yake, na hata leo sizitupi. Lakini hazikuwa zimehesabu vidole.

Mzee akafika. Mwembamba, koti la sufu kwenye joto lile la Guangzhou, kofia hadi masikioni. Tulikuwa tumejipanga juu ya ngazi, Farhad, Shifu Liang na mie, kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Akafungua mlango, akaona. Alisimama pale chini mpaka watu wa mtaani wakaanza kumzunguka ili wapite. Kisha akapanda, polepole, ngazi moja moja, uso kwa uso na kila mmoja. Alipofika juu alimwambia mwanawe maneno machache tu, akaingia ndani kula wali.

"Kasema nini?" tukauliza.

"Kasema pua zao zimerudi."

Kumbe kule kwenye mawe nyuso nyingi zimevunjwa, na yeye kawajua hivyo tangu ujana. Farhad alikuwa hajui hiyo ni sifa au lawama. Siku zikapita. Farhad alikuwa akinipigia simu asubuhi sauti iko chini: mzee anakula, anasali, anatazama dirishani. Sanduku hajalipakua. Nguo anazitoa moja moja na kulifunga tena. Nilimhurumia sana Farhad, kwa sababu kitu cha kumwambia sikuwa nacho. Ukuta ni ukuta. Haukai na mzee jioni, haumletei mke wake.

Ijumaa moja, siku za kuondoka kwake zikiwa zimekaribia, nilikwenda kuangalia ile vanishi ya mwisho kama imeshika, maana unyevu wa mji huu huifanya inate kwa wiki. Watu walikuwa wametoka msikitini, ngazi imejaa: Wakongo, Wakenya, Waarabu, wote na njaa zao. Nikapenya, nikafika kwa yule mtu wangu wa Kushi ukutani, nikampitishia mgongo wa kidole begani.

"Dast nazan!"

Maana yake usiguse, na hakuna aliyehitaji mkalimani. Mkongo aliyekuwa nyuma yangu aliuondoa mkono wake ukutani kama kaungua, akasema "Pardon, papa." Agha Karim alikuwa amesimama katikati ya ngazi bila koti, mikono ya shati imekunjwa, ameshika brashi pana ya kupangusia vumbi. Akateremka akipasua watu. Kofia hana. Alikuwa mtu mwingine.

Nikamwita Farhad aje anielezee kwa baba yake. Akatoka jikoni mbio, unga hadi viwiko.

"Mwambie ni mimi niliyeleta kazi hii," nikasema. "Mwambie naangalia vanishi."

Farhad akamwambia. Mzee hakutaka kusikia. Aliongea haraka, brashi inanielekea kifuani, na Farhad akawa anafuata kwa Kiswahili.

"Anasema hata kama umeileta wewe. Hata kama ni mke wa waziri. Mkono una jasho, na jasho linakula rangi, yeye ameliona maisha yake yote. Anasema kesho anataka kamba ifungwe hapa, na watu wapande upande ule. Anasema hataki tena kumwona mtu yeyote anagusa..."

Akamgeukia baba yake.

"Anagusa nini, Farhad?"

Alijifuta macho kwa kiwiko, unga ukabaki shavuni. "Ukuta wangu," akasema. "Kasema ukuta wangu."

Mie niliufutika mkono wangu ndani ya baibui, nikamwomba radhi mwenye ukuta.